Sauti ya Kampuni

Duka la dawa lilikuwa limefurika jioni ile, watu wametoka kazini na kila mmoja ana haraka zake. Msichana mmoja aliyevaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe iliyonyooshwa vizuri kwa pasi alikuwa akisoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, aliposikia mwanamume nyuma yake akiuliza, "Samahani, foleni ya kulipia ndiyo hii?"

Si yeye peke yake aliyegeuka. Duka zima liligeuka.

"Rangi moja," akasema mzee aliyeketi kwenye benchi.

"Miaka mia," akamalizia mama mmoja, na watu wakacheka.

Sauti ile waliisikia redioni kila asubuhi ikitangaza rangi za nyumba kwa maneno hayohayo. Ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya kumfanya mtu aahirishe kuamka. Lakini mwenyewe alikuwa mwembamba, kimo cha wastani, na shati la miraba lililopauka mabegani.

"Nilikudhani jitu," msichana alimwambia.

"Wote husema hivyo, halafu huangalia nyuma yangu kumtafuta mwenyewe. Na wewe je, unafanya kazi wapi?"

"Kampuni hiyohiyo. Makao makuu, ghorofa ya tatu, ofisi ya maadili."

Mwanamume akashika kifua. "Bi Kanuni? Ndiye wewe? Kule tawi la mauzo tunajua ni bibi mwenye miwani ya kamba."

"Basi tumedhaniana vibaya sote wawili."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwenye foleni ambayo hakuna aliyetaka iishe. Kampuni nzima ilimwita yule kijana Sauti, na yule msichana Bi Kanuni, kwa sababu ndiye aliyesambaza waraka wa nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Jioni Sauti alikuwa akimpigia simu na kumsomea waraka wake mwenyewe kwa sauti ya tangazo.

"Mfanyakazi hatapokea zawadi," angesema kwa uzito, "isipokuwa busu kutoka ofisi ya maadili."

"Hilo silo nililoandika, muongo wewe."

"Ni marekebisho, mpenzi. Kanuni nzuri hurekebishwa."

Bi Kanuni alikuwa akicheka mpaka dada yake wa chumba cha pili agonge ukuta.

Shida ilikuja na uchaguzi. Dada mkubwa wa Sauti, mkunga aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, aliamua kugombea udiwani. Alikuwa amechoka kuzalisha wanawake katika wodi isiyokuwa na maji. Sauti alitaka kumpigia kampeni, na akaja ofisini kwa njia iliyo halali kuomba ruhusa.

"Siasa si dhambi," Bi Kanuni alimwambia, akiwa nyuma ya meza yake, uso wa kazi. "Nenda kwa muda wako, kwa nguo zako, kwa mfuko wako. Jina la kampuni usilitaje, gari lake usilipande. Kampuni haimchangii mgombea yeyote, hata kopo la rangi."

"Na sauti? Hii nilizaliwa nayo."

"Sauti nenda nayo. Maneno ya tangazo yaache redioni."

Jumamosi ya mkutano, Bi Kanuni alivaa gauni la buluu na kusimama nyuma kabisa, karibu na wauza maji. Sauti alipanda jukwaani akiwa na shati lake la miraba. Akasema habari ya wodi na mabomba makavu, watu wakasikiliza. Hakutaja kampuni. Kisha, akiwa anamalizia, akainua kidole kimoja.

"Diwani mmoja," akasema. Akanyamaza.

Uwanja mzima ukapaza sauti, "Miaka mia!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa viti. Sauti alitabasamu, akashuka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Kile hakikuwa kingi, lakini mshindo wake Bi Kanuni aliusikia.

"Sikusema mimi," Sauti alijitetea jioni ile kwenye simu. "Walisema watu."

"Ulinyamaza makusudi."

"Sasa kunyamaza nako kuna kanuni? Waraka namba ngapi huo, bibie?"

"Usinifanyie mzaha. Wewe ni mtangazaji. Unajua kimya chako kinavuta nini."

"Na wewe unajua dada yangu ni nani kwangu."

Waliagana bila neno tamu hata moja.

Wiki iliyofuata mpinzani wa mkunga alipeleka malalamiko kwamba kampuni ya rangi inambeba mgombea. Kulikuwa na mkanda wa video, na kila mwenye simu alikuwa ameuona. Mkurugenzi akamwita Bi Kanuni, akamsukumia faili.

"Shughulikia. Nataka jibu kabla serikali haijatuuliza."

Bi Kanuni hakuligusa faili. Alijua angeweza kulichukua na kulilainisha, na asingejua mtu. Alijua pia angeweza kulichukua na kumkaza Sauti, ili aonekane mwadilifu. Njia zote mbili alizikataa.

"Siwezi kulishika, mzee," akasema. "Huyu ni mtu wangu."

Mkurugenzi akalivuta faili upande wake. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya uchaguzi. Nilipaswa kukwambia siku alipoleta ombi lake. Nilichelewa."

Siku hiyohiyo alihamishiwa ghorofa ya chini, dirisha la malalamiko ya wateja, mpaka uchunguzi uishe. Akakatazwa kuzungumza na Sauti juu ya shauri lile. Amri hiyo ilikuwa imo katika waraka alioutunga mwenyewe.

Katibu muhtasi, ambaye masikio yake hayakujua mlango, alikuwa amesikia nusu. Nusu hiyo akaipeleka tawi la mauzo kabla chai haijapoa: Bi Kanuni amekutaja kwa mkurugenzi, kwa kinywa chake.

Simu ililia Bi Kanuni akiwa anapanga kalamu zake kwenye meza mpya.

"Nijibu neno moja tu," Sauti alisema, na ile sauti ilikuwa imekauka. "Umenitaja au hukunitaja?"

Mwingine angesema hapana. Lakini yeye hakujua kusema uongo, na neno lenyewe lilikuwa kweli.

"Nimekutaja, lakini si kwa..."

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Asante."

Simu ikakatika. Alipiga tena, haikupokelewa. Alianza kuandika ujumbe, akakumbuka amri, akaufuta. Ndani ya yale maneno mawili, nimekutaja, mapenzi yao yakakwama: yeye alimtaja kuwa ni mpenzi, mwenzake akasikia kuwa ametajwa kama mwizi.

Kamati ya uchunguzi ilimpa Sauti njia mbili. Atie saini kwamba hatazungumza hadharani mpaka kura zipigwe, abaki na kazi yake, au aondoke. Aliondoka. Asubuhi moja redio ilimwamsha Bi Kanuni kwa sauti ngeni, nyembamba, yenye haraka. Akanyoosha mkono, akaizima.

Uchaguzi ukapita. Mkunga akashindwa.

Siku chache baadaye mwanamke mnene mwenye sare nyeupe ya kazi alisimama mbele ya dirisha la malalamiko.

"Wifi," akasema. "Nimepanda mpaka ghorofa ya tatu na magoti yangu haya, naambiwa umeteremshwa. Umefanya nini?"

Bi Kanuni alisimama haraka. "Shikamoo, dada. Pole kwa matokeo."

"Marahaba. Matokeo yamepita, chaguzi nyingine zipo. Nimekuja kukugombeza. Ndugu yangu anaishi kwangu kama kuku mwenye kideri, kutwa kajiinamia. Ananiambia ulimshtaki."

"Uchunguzi umeisha, naweza kusema sasa. Sikumshtaki. Nilikataa faili lake kwa sababu nampenda. Ndiyo maana niko hapa."

Mkunga aliweka mkoba chini. "Ulimwambia mkubwa wako hivyo? Kwamba unampenda?"

"Nilimwambia ni mtu wangu."

"Na yule mjinga anashinda ananiambia umemuuza." Akachukua mkoba wake. "Ngoja nikamfinye sikio."

Alimfinya kweli, maana Sauti alifika kesho yake wakati wa chakula cha mchana. Walitoka wakasimama kwenye ukuta wa nyuma, palipopangwa makopo matupu ya rangi. Alikuwa amekonda zaidi.

"Nilinyamaza makusudi," akasema kabla hata ya salamu. "Kule jukwaani. Nilijua watamalizia. Nilitaka dada ashangiliwe walau mara moja."

"Nilijua."

"Ulijua, na bado ulikwenda kukiri kwamba mimi ni wako. Mimi nikakukatia simu."

"Uliikata vibaya sana," Bi Kanuni akasema. "Hukuniacha hata nimalize sentensi. Mtu unayeishi kwa maneno."

"Nisamehe, mpenzi wangu. Sina kazi, sina hata redio ya kujitetea."

Akamwacha amshike mkono. Mashine za kiwandani zilikuwa zikiunguruma upande wa pili wa ukuta.

"Mkurugenzi aliniita jana," Bi Kanuni akasema. "Kasema 'mtu wangu' si lugha ya ofisi. Anataka tamko: rafiki, mchumba au mume. Nikiandika rafiki, na urafiki umekwisha, narudi ghorofa ya tatu. Nikiandika mchumba, na wewe bado u mwanasiasa wa dada yako, basi ofisi ya maadili nisiiote tena."

"Nami sitamwacha dada. Atagombea tena."

"Najua."

Sauti akautazama ukuta. Aliijua meza ile ya juu, na jinsi msichana huyu alivyokuwa akikaa nyuma yake, mgongo umenyooka.

"Andika rafiki," akasema taratibu. "Andika umekwisha. Rudi kazini kwako, mama. Sitakulaumu."

"Nimeshaandika."

"Umeandika nini?"

"Mchumba. Nimetia saini na muhuri umepigwa." Akafuta macho kwa kiganja. "Na wewe hujaniposa. Sijawahi kuandika uongo katika jengo hili, kwa hiyo fanya haraka, kabla sijarudi dirishani."