Kitita Kilichotumwa Gachoka

Mambo ya mapenzi nayajua kuliko mwanamke yeyote kati ya Laare na Embu. Mume nilichaguliwa na dada yangu, lakini hayo tuyaache.

Mutembei, mpiga gitaa wa Meru, alimpata Jedidah sokoni Embu, alikokwenda kuitafutia bendi yake ngozi ya ngoma. Msichana alikuwa amefunga leso ya manjano juu ya jinzi, akiita wateja wa ndengu kwa sauti iliyomfanya muuza redio azime zake.

"Dada, sauti yote hiyo unaimalizia kwa ndengu?"

"Unanunua, ama umekuja kukagua koo langu?"

Alinunua kilo nne. Hakuwa na hata sufuria ya kuzipikia.

Mwezi haukuisha kabla Jedidah hajawa mwimbaji wa Panga Butu, hiyo bendi ya Mutembei ya panki, isiyo na tajiri wala meneja. Walichukua nyimbo za nyanya zao za kupalilia mtama, wakazipiga kwa gitaa za umeme, mbio kama nyumba inaungua. CD walirekodi wenyewe, wakaziuza wenyewe kutoka kwenye mkoba. Wachungaji waliwaombea, vijana walivunja viti. Miaka mitatu hivyo, na kila jioni simu:

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe umenyoa hizo nywele za jogoo?"

"Anyoe nani, na kinyozi ananikimbia?"

Halafu simu ikanyamaza. Wiki mbili nzima.

Jumamosi mchana walikuwa kwenye ukumbi mjini Meru, wakijaribu vyombo kabla ya onyesho. Mutembei alichapa gitaa kama anaua nyoka, hamtazami Jedidah. Simu ya msichana ikalia. Ilikuwa studio moja ya Nairobi iliyomtaka yeye peke yake, bila bendi. Walitaka jibu leo.

"Nipe nusu saa," akasema, akakata.

"Si uwajibu tu," Mutembei akasema. "Unangoja nini?"

"Nangoja wewe useme kitu."

"Mimi nilishasema. Kwenu ndio walikataa."

"Ulisema kwa nani?"

"Nilituma kitita."

"Kitita cha nini?"

Kwetu Meru, anayemtaka binti hutuma kwa wazazi wake vijiti vya miraa ya kutafuna iliyochaguliwa, imefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Wakikifungua kile kitita, mazungumzo ya ndoa yameanza. Lakini Jedidah ni Mmbeere wa Gachoka. Kwao wanalima muguka, ndugu ya miraa inayotafunwa majani, na miraa kwake ni miraa tu, hata uifunge namna gani.

Mutembei alipomweleza, msichana alikaa juu ya spika.

"Yaani unataka kunioa, na baba yangu ndiye uliona ajue kwanza?"

"Ndiyo heshima."

"Na kitita alipeleka nani?"

Mutembei akamgeukia Mithika, mpiga ngoma, aliyekuwa akikaza ngoma ambayo ilishakazwa.

"Nilipeleka mimi," Mithika akasema. "Mzee akanikaribisha chai, tukaongea vizuri."

"Mzee gani?"

"Baba yako, Jedi. Alifungua, akatoa kijiti kimoja, akatafuna polepole, hivi. Akatema. Akasema msichana wake haolewi na mpiga kelele. Mimi iliniuma sana."

Simu ya Nairobi ikalia tena. Jedidah aliiangalia, akaizima.

"Alitafuna," akasema.

"Nilimwona na haya macho."

"Upande gani? Kushoto ama kulia?"

Mithika akafikiri kidogo. "Kulia."

"Baba yangu hana jino hata moja tangu nikiwa darasa la sita. Mkate wenyewe tunamlowekea."

Mutembei aliweka gitaa chini, akaja akasimama karibu na Jedidah, karibu kuliko alivyosimama wiki hizo mbili zote.

"Kitita kizima ulitafuna wewe, Mithika?"

Mithika akaangalia mlango, kisha akaangalia ngoma yake, na akaanza kuikaza tena.