Kila Mtu na Chombo Chake

"Mbarika! Mafuta ya mbarika! Mje na chombo chenu, sitoi chupa mkazitupe ziwani!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Nelima, soko la Otonglo, mwaka 1974. Mafuta aliyakamua mwenyewe, madodoki ya kujisugulia yalitambaa kwenye ua wake Manyatta, na kila mteja aliondoka na onyo: oga nchi kavu, maji ya sabuni mwagia migomba, samaki hawajakuomba povu. Watu walimcheka, kisha wakarudi wakiwa na ngozi laini.

Jumamosi moja akasimama mbele yake kijana mrefu, nywele duara kichwani, suruali pana chini, mikono imejaa madoa ya rangi ya kijivu.

"Dada, rangi ya meli imekataa kutoka. Na chupa sina, niko na kikombe cha chai tu."

"Kikombe ni chombo."

"Na moyo je?"

"Huo peleka kwingine. Unaonekana unavuja."

Dalmas Oduor, mpaka rangi wa meli bandarini, alicheka mpaka mafuta yakamwagika. Jumamosi ya tatu hakuwa na doa hata moja mikononi, na bado alikuja. Kila Jumatano alipiga simu duka la Mhindi lililopakana na kibanda cha Nelima, akimwita binti wa Bungoma kwa lugha ya kwao.

"Nyar Bungoma, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Weka simu, utafutwa kazi!"

Nelima alimpenda, na hakumficha mtu.

Kumbe penzi nalo lina mtihani wake. Jumamosi moja Dalmas alikuja mbio, mkononi kopo la krimu ya kujichubua, mwanamke mweupe akitabasamu kwenye karatasi yake. "Nimekuletea hii, jaherana, mpenzi wangu..."

Nelima hakungoja amalize. Miaka miwili nyuma, mchumba wake Laban alimpa kopo kama hilo, ati ang'ae kidogo kabla mama mkwe hajamwona. Uso ulimbabuka wiki tatu, na Laban akaoa mwingine.

"Hata wewe, Dalmas? Weusi wangu umekuchosha?"

"Ngoja, mama, hii ni ya..."

"Ya kunichuna ngozi! Toka!"

Wateja wote waligeuka. Dalmas aliona haya, akaliacha kopo mezani, akaenda zake. Nelima akalisukuma chini ya meza kwa mguu. Jumatano tatu simu ilipolia alimwambia Mhindi aseme hayupo. Jumatano ya nne haikulia, na Nelima akalia badala yake.

Siku ya pili yake akaja msichana aliyejifunika leso, mashavu yana mabaka mekundu.

"Wewe ndiye Nelima? Mimi Benta, dada yake Dalmas. Krimu imenichoma, kaka akanikataza. Alichukua kopo langu ulijaze mafuta. Shemeji, mwezi mzima nangoja!"

Nelima aliinama, akalivuta kopo, akalifungua. Lilikuwa tupu, limeoshwa, linanukia sabuni.

"Si ulisema kila mtu aende na chombo chake?" Benta akauliza.

Nelima alilijaza hadi ukingoni, akakataa pesa, akakimbilia simu ya Mhindi.

"Bandari hapa, Nicodemus anaongea."

"Nipe Dalmas Oduor."

"Yuko juu ya meli, madam."

"Basi mwambie Nelima ni mjinga, na anaomba msamaha."

"Niandike hivyo?"

"Andika kwa herufi kubwa!"

Jumamosi Nelima alivaa gauni lake jipya la maua mekundu, akangoja. Wa kwanza kufika alikuwa Benta, mashavu yameanza kupona, na nyuma yake wake wa wafanyakazi wa bandari waliosikia habari kwake, kila mmoja na kopo tupu la krimu mkononi. Foleni ilifika barabara ya Busia. Waliokuwa wakimcheka Nelima sasa walisukumana kumfikia. Alimimina mpaka mkono ukamwuma, na mwisho wa foleni akamkuta Dalmas na kikombe chake cha chai.

"Umeleta chombo?"

"Nimeleta. Angalia kama kinavuja."

Ndani ya kikombe mlikuwa na pete.

"Dalmas, na huu weusi wangu?"

"Mimi napaka rangi meli, Nelima. Wewe sitaki ubadilishwe hata kidogo. Utanikubali?"

"Nimekubali, mpenzi! Nimekubali kabisa!"

Kidole kilijaa mafuta ya mbarika, pete ikateleza hadi mwisho bila kusukumwa. Vigelegele vilipaa soko zima, na wanawake wakayagonga makopo yao kama ngoma.