Nyumba ya Tangawizi, Ghorofa ya Kumi

Pakiti ya tangawizi ya unga ilikuwa imebaki moja tu katika duka lile la Kensington, Johannesburg, na mikono miwili ikaikamata kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa Murielle, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyevaa gauni la kitenge cha kijani na kilemba kilichosimama kama kinatafuta ugomvi. Mwingine ulikuwa mkono wa mwanamume, umejaa vumbi jeupe la vigae.

"Bwana, achilia. Batoto bangu banangojea."

"Na chai yangu je, bibie? Mtu wa Tanga bila chai ya tangawizi si mzima."

"Chai! Mimi niko najenga nyumba."

"Kwa tangawizi?"

"Ya biskuti. Ya Noeli. Binti yangu aliiona shuleni, hanipi usingizi."

Mwanamume akacheka, akaachilia. "Naitwa Mansour, fundi vigae. Ukikwama kwenye paa, nipigie."

Hakukwama, lakini alipiga. Desemba hiyo ya 2018 simu zao zilikuwa za saa za chakula cha mchana, yeye cherehanini, Mansour bafuni mwa watu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sindano."

"Usizimalize, nani atanishonea kanzu ya harusi?"

Murielle alikuwa mjane wa miaka mitatu, na alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kucheka hadi mbavu zikauma. Lakini Hillbrow, mtaa wao, ina macho. Mama Thérèse, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akiuza sombe, kisamvu cha Kikongo, penye mlango wa jengo lao, alimsimamisha mbele ya wateja.

"Murielle, ule Mwislamu akiingia kwako siku ya Noeli, usirudi kwenye kwaya."

"Mama Thérèse, nyumba ni yangu. Ataingia."

Alijibu kwa sauti, ila alijua anachohatarisha. Kwaya ile ndiyo iliyomzika mumewe. Katika Johannesburg nzima hakuwa na ndugu wengine.

Mkesha wa Noeli, saa nane mchana, Mansour alibisha hodi akiwa na bintiye Tumu, wa miaka saba, na mfuko wa nailoni mkononi. Jiko lilinukia tangawizi na sukari iliyoungua kidogo. Carmel, binti wa Murielle, na mdogo wake Exaucé walikuwa weupe kwa unga hadi kwenye nyusi, na haikupita dakika Tumu naye akawa kama wao, wananong'onezana na kulamba vijiko. Kuta za biskuti pekee ndizo zilizogoma kukutana. Mansour akatoa futi yake, akapima, akacheka hadi akakaa chini.

"Malaika wangu, umeacha nafasi ya mshono! Kila ukuta umezidi sentimita mbili!"

"Nguo bila nafasi ya mshono inapasuka."

"Hii si nguo! Lete kisu."

Murielle, huku akicheka, alizungusha sahani ya peremende. Tumu akanyoosha mkono kwenye zile laini za rangi ya waridi. Mansour akaudaka.

"Hizo hapana, mwanangu. Kula za kwetu." Akaweka mfuko wake mezani.

Kicheko cha Murielle kikakatika.

"Za kwenu? Za kwangu ni uchafu?"

"Sikusema hivyo, mpenzi..."

"Nimegombana na kanisa muzima juu yako! Na wewe unakuja na chakula chako, kama mutu anaingia kwa balozi!" Kwao Bukavu balozi ni wachawi, na Mansour alilijua neno hilo.

"Murielle, nisikilize."

"Toka."

Akatoka, Tumu akilia nyuma yake. Pale chini Mama Thérèse aliwaona wakipita, akatabasamu.

Exaucé ndiye aliyeufungua mfuko uliosahauliwa. "Haibo! Mama, angalia!"

Kila aina ya peremende ilikuwa pakiti tatu, kila pakiti ina nembo ya halali, na kila moja imeandikwa kwa penseli ya fundi: Carmel. Exaucé. Tumu.

"Tumu ameniambia," Carmel alisema polepole. "Mwaka jana kwa pati alikula zile laini, kumbe ziko na jeletini ya nguruwe. Shangazi yake akamkataza kuingia nyumba ya Mkristo yeyote. Baba yake alitaka tule zote sawa, ili Tumu asikae pembeni."

Murielle alikaa kwenye gunia la vitambaa. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akapiga simu, ikapokelewa na sauti ya kike, kavu. Ilikuwa ya Najma, dada yake Mansour, yule shangazi anayeishi nao.

"Kaka yangu hatatukanwa mara mbili." Simu ikakatwa.

Liwalo na liwe! Murielle aliosha uso, akafunga kilemba upya, juu zaidi ya mwanzo. Akazipanga kuta na paa kwenye sinia, akajitwisha. Carmel alibeba bakuli la sukari, Exaucé mfuko.

"Unapeleka wapi Noeli yako?" Mama Thérèse alimuuliza mlangoni.

"Kwa mwanaume nilimukosea. Na Jumapili, siku ya Mungu, nitakuja kuimba, Mama. Mukinifukuza, nitaimba pa mulango."

Wakavuka robot mbili, zile taa za barabarani, huku teksi zikiwapigia honi. Kwenye jengo la Mansour lifti ilikuwa mbovu, na walipofika ghorofa ya kumi jasho lilikuwa limelowesha kitenge chote. Najma alifungua, mikono kifuani.

"Humu hakuna Krismasi."

"Sikuleta Krismasi. Nimeleta biskuti, batoto, na musamaha wa kuomba. Mimi unifukuze. Batoto baache."

Tumu alikwisha kupenya chini ya kwapa la shangazi yake na kumkumbatia Carmel. Mansour akatokea, macho mekundu.

"Umepanda ngazi zote hizo?"

"Na kuta kichwani. Nilikutukana bila kukusikiliza. Unisamehe, Mansour."

"Na mimi nilipaswa kukueleza kabla." Akalipokea sinia. "Eish, kuta bado ndefu."

"Basi zikate, mutu wa Tanga!"

Alizikata kwa uangalifu wa fundi, na watoto wakala vilivyozidi. Sukari ilihitaji muda kushika. Murielle akashika kuta mbili, Mansour mbili, paa likaanza kuteleza.

"Najma!"

Najma akasonya. Akaokota pakiti ya peremende, akaisoma nyuma na mbele, akaiona nembo. Kisha akakunja mikono ya baibui, akalishika paa.

"Murielle," Mansour alisema, "siwezi kukushika mkono, nyumba itaanguka. Lakini nataka nikuoe. Waseme hadi wachoke. Unakubali?"

"Kwaya itanifukuza."

"Nitasimama nawe hapo mlangoni."

"Na dada yako?"

"Mnaniuliza mimi nimeshika paa?" Najma alifoka. "Mjibu, mwanamke, mikono inaniuma!"

Murielle aliwatazama wote waliozunguka kile kijumba, wamejaa sukari hadi viwikoni, hakuna hata mmoja anayethubutu kuachia.

"Nakubali," alisema. "Ila kanzu ya harusi nitashona mimi. Na nafasi ya mushono nitaacha!"