Birika la Nyumba ya Wageni

Kila Ijumaa Kathini alipotoka shuleni, kazi ilikuwa inamngoja. Alivua sare, akala muthokoi, chakula cha mahindi na maharagwe, uliobaki wa mchana, kisha akachukua ufagio na kwenda nyumba ya wageni. Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba viwili iliyojengwa kando ya boma lao, si mbali na soko la Tawa. Mama yake, Kaveke, aliikodisha kwa siku mbili tatu kwa watu waliokuja harusini, mazishini au kikazi. Wageni waliona picha zake kwenye mtandao, wakapiga simu, wakaja.

Kathini hakuipenda nyumba ile. Kila kitu kizuri cha familia kilihamia huko. Lilianza kabati la vioo, likafuata godoro nene. Kisha mama akachukua blanketi la zambarau ambalo shangazi yake wa Kitui alikuwa amemletea Kathini mwenyewe.

"Nitakununulia lingine," mama alisema. Miezi minne ilikuwa imepita na hakuwa amenunua.

Mezani katika nyumba hiyo palikuwa na birika la kauri lenye maua ya buluu. Mama alipewa na nyanya siku ya harusi yake. Kathini alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuwa ameruhusiwa kulishika hata siku moja.

Ijumaa hiyo walikuja wageni kutoka Machakos: Bwana Kilonzo, mkewe na watoto wao watatu. Walikuwa na harusi ya jamaa Jumamosi. Mtoto wa kwanza, msichana aliyeitwa Wavinya, alikuwa rika moja na Kathini.

"Karibu, mwanangu," mama alimwambia Wavinya huku akimpokea mkoba. "Hapa ni kwenu."

Kesho yake asubuhi Kathini alitumwa kupeleka chapati za moto. Mlango ulikuwa wazi. Wavinya alikuwa ameketi kitandani, blanketi la zambarau mabegani, akijimiminia chai kutoka kwa birika la kauri. Mama alisimama karibu naye akicheka.

"Mtoto huyu ana adabu," mama alisema. "Tazama anavyoshika vitu polepole. Ungejifunza kwake, Kathini."

Kathini aliweka sahani mezani akatoka. Tangu alfajiri mama alikuwa ameenda nyumba ile mara nne, mara na maji ya kuoga, mara na taulo, mara na sukari. Hakuwa amemuuliza yeye hata kama amekunywa chai. Siku nzima Kathini alifua, akateka maji, akalisha kuku, na katika kila kazi aliona lile blanketi kwenye mabega ya mtu mwingine.

Jumapili mama alienda kanisani mapema kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kupanga viti. Wageni walifunga mizigo upesi upesi. Bwana Kilonzo alimwachia Kathini ufunguo, akamwambia amsalimie mama, gari likaondoka.

Kathini aliingia kutoa mashuka. Alipoinua la kwanza aliona doa kubwa la soda nyekundu limeingia ndani ya godoro. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umevunjika na kuegemezwa kwenye jiwe ili usionekane. Chini ya kitambaa cha meza, ubao ulikuwa umeungua, na alama ya pasi ilionekana wazi.

Ingefaa asikitike, lakini alifurahi.

"Mtoto mwenye adabu," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake.

Kisha akaliona birika. Lilikuwa limeoshwa vizuri na kuinamishwa juu ya kitambaa likauke. Halikuwa na mkwaruzo wowote. Kathini alilichukua kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Aliukumbuka mkono wa Wavinya ukiwa umelishika pale pale, na sauti ya mama ikicheka.

Halikumponyoka. Aliliachilia.

Mama aliporudi alizunguka chumba kizima akitazama. Alitazama godoro, akatazama kitanda, akapapasa meza pale ilipoungua. Alipofika kwenye vipande vya birika alipiga magoti, akaanza kuviokota kimoja kimoja na kuviweka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Hata hili?" aliuliza polepole.

"Nimelikuta hivyo hivyo," Kathini akajibu.

Mama alipiga picha za kila kitu akamtumia Bwana Kilonzo. Jioni simu ilipigwa, na kwa vile sauti ya simu ile ilikuwa kubwa, Kathini alisikia kila neno.

"Mama Kathini, hayo ya kitanda na meza tungeweza kuyaongea," Bwana Kilonzo alisema. "Lakini birika mke wangu aliliosha mwenyewe, na tuliliacha zima. Kama mnatusingizia hilo, nitajuaje kwamba na hayo mengine hamkutusingizia? Mimi silipi chochote."

"Birika halijivunji lenyewe," mama alisema. "Aliyeingia kwanza ni mtoto wangu. Kathini hawezi kunidanganya."

Kathini aligeukia ukutani. Kwa miezi mingi alitaka mama amchague yeye mbele ya wageni. Sasa alikuwa amechaguliwa, na kila neno la sifa ile lilimchoma.

Siku iliyofuata Bwana Kilonzo aliandika kwenye mtandao kwamba mwenye nyumba ile huwasingizia wageni ili apate pesa. Jumatano, wauguzi sita waliokuwa wamepanga kukaa juma zima wakihudhuria semina walipiga simu kusema wamepata mahali pengine. Mama hakulalamika. Alikaa uani na uteo mapajani akichagua mawe katika ndengu, na mara kwa mara mikono yake ilisimama tu, kana kwamba amesahau anachofanya.

Kathini aliketi mbele yake.

"Mwaitu," alianza, kwa maana nyumbani walimwita mama kwa Kikamba. "Birika hawakulivunja wao."

Mama aliinua macho.

"Ni mimi. Walikuwa wameliacha zima. Hayo mengine ni wao, lakini birika ni mimi."

"Lilikuponyoka?"

Hapo palikuwa na njia rahisi ya kutokea, na Kathini aliiona. Akatikisa kichwa. "La. Nililiachilia."

"Kwa nini?"

"Ulimpa blanketi langu. Ulimpa birika nisiloruhusiwa kugusa. Ulimwita 'mwanangu'." Machozi yalianza kumtoka. "Mimi uliniita tu ukitaka nifanye kazi."

Mama aliweka uteo chini, akabonyeza namba ya Bwana Kilonzo kwenye simu na kumpa Kathini. "Utamwambia wewe."

Kathini alisema yote, na akaomba msamaha. Bwana Kilonzo akasema, "Mpe mama simu."

Jumamosi alikuja mwenyewe, pamoja na Wavinya, fundi seremala na godoro jipya juu ya gari.

"Watoto wangu waliruka kitandani," alimwambia mama, akiwa bado amesimama mlangoni. "Meza niliiunguza mimi nikipiga shati pasi. Nilijua tangu siku ile. Nilipoona mna kosa moja, nikajificha nyuma yake. Ule ujumbe nimeuondoa, na nimeandika ukweli."

Kathini alimwendea Wavinya. "Nilifanya watu wafikiri ninyi ndio mliovunja birika. Nisamehe."

"Baba alitugombeza jioni ile nzima kwa sababu ya birika," Wavinya alisema. Hakutabasamu. Halafu akaongeza, "Sawa, nimekusamehe." Kisha akaenda kumshikia fundi mbao, na Kathini akaenda kushika upande wa pili.

Wageni walipoondoka, mama alimwita Kathini aketi naye kizingitini.

"Mimi nimekukosea," alisema. "Nilichukua kitu chako bila kukuuliza, nikawa na maneno matamu kwa wageni peke yao. Hilo nitalirekebisha. Lakini angalia kilichotokea. Ukweli wetu ulikuwa mwingi: godoro, kitanda, meza. Uliuchanganya na uongo mmoja, ukakataliwa wote. Mtu akikukosea, mdai alichokukosea, usimwongezee hata punje."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na wivu utakuja tena. Hata mimi huniingia nikipita kwenye maduka ya wenzangu. Ukikujia, uje uniambie ukiwa bado ni maneno. Usiungoje ufike mikononi."