Ndege wa Siku ya Kumi na Tisa

— Bethwel, ndege zangu ziko wapi?

— Ndege gani, babe?

— Zile zilikuwa hapa kwa ua wa kayaba jana jioni. Mia mbili na kumi na mbili. Usiniulize ndege gani kama mtu ameshuka kutoka mwezini asubuhi hii.

Bethwel akarekebisha tai. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, na saa nne shangazi yake alikuwa anafika hapo Kapsoya kumwona Adoyo kwao, mambo ya posa yaanze. Suti yake ya buluu ilikuwa imenyooshwa hadi mikunjo ingekata mkate.

— Aa, hizo! Nimekusaidia. Nilimwita Kipyego wa skrepu akabeba zote na vyuma chakavu vyake. Bure kabisa.

Adoyo alisimama na kipande cha chuma mkononi, kikiwa bado cha moto, asisikie moto.

Alikuwa fundi wa mageti, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba ya babake, Mzee Obiero. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi ya mteja, aliokota mabaki ya chuma akaunda ndege mmoja. Mmoja tu. Akamkwaruzia nambari ya siku chini ya mkia, akamtundika kwenye ua wa kayaba unaotazama barabara. Awe mzuri, awe mbaya, alitundikwa. Wa kwanza alikuwa mbaya hivi kwamba kunguru wa mtaa walihamia Moi's Bridge wiki nzima kwa hofu. Lakini wa juzijuzi, paka wa jirani alimrukia akavunja meno mawili.

— Kwa nini, Bethwel?

— Babe, elewa. Shangazi yangu, Senge Hulda, ni mtu wa heshima. Aingie hapa akute vitu kama kuku zimegongwa na lori? Zile nzuri ziko kwa simu yangu, nimezipiga picha. Hizo zingine zilikuwa zinaharibu brand.

— Brand ya nani?

— Yetu.

Tuseme ukweli kumhusu huyu Bethwel. Alikuwa kocha wa vipaji. Alizunguka kumbi za vijana akifundisha somo lililoitwa Ubunifu Bila Jasho, na watu wazima walimpigia makofi. Kitu cha pekee alichowahi kuunda kwa mikono yake ni fundo la tai, na hata hilo mamake alilifunga Jumapili, yeye akalivaa kwa kichwa wiki nzima kama ng'ombe anavyovaa kamba. Lakini Adoyo alimpenda. Mapenzi hayana macho, na siku nyingine hata pua hayana.

Akampigia Kipyego simu.

— Kipyego, usiyeyushe hizo ndege!

— Woi, Adoyo! Lori imetoka saa kumi na mbili asubuhi. Huyo bwana yako aliniambia ni takataka.

Saa nne kamili Senge Hulda akashuka kutoka kwenye gari, mwanamke mpana, mwenye mkoba mweusi na macho ya mtu anayenunua ng'ombe. Hakusalimia mtu. Alisimama mbele ya kayaba akaitazama kutoka mwanzo hadi mwisho.

— Karibu, mama, Mzee Obiero akasema. Chai iko tayari.

— Chai itangoja. Wako wapi wale ndege?

Bethwel akacheka kile kicheko chake cha semina.

— Senge, tulisafisha. Ile ilikuwa aibu kidogo.

— Yule wa shingo kama bomba lililovunjika, yuko wapi?

— Mama, unamjua? Adoyo akauliza.

— Simjui? Mimi kila Jumatano napita hii barabara nikienda kwa binti yangu. Nilimwona huyo wa shingo, nikacheka hadi dereva akafikiri ni kifafa. Wiki iliyofuata kulikuwa na wengine saba. Wabaya pia. Lakini mmoja alikuwa na bawa. Bawa la kweli. Nikawa naangalia. Nikajiuliza, ni nani huyu anatundika makosa yake barabarani na haoni haya?

Akafungua mkoba akatoa daftari la mistari, limechakaa pembeni.

— Mimi nina miaka sitini na nne, na sikuwahi kusoma. Niliona hao ndege wako nikaenda ngumbaru, shule ya watu wazima. Herufi yangu ya kwanza ilikuwa kama mjusi amekanyagwa. Sikuifuta. Angalia.

Adoyo aliangalia, na machozi yakamtoka. Bethwel naye aliangalia saa.

— Senge, hiyo ni nzuri, lakini tuingie kwa program...

— Program gani, wewe kijana? Umetupa shule yangu kwa skrepu halafu unaniambia program?

— Senge, mimi nilitaka tu aonekane mzuri!

— Aonekane nani? Huyu alikuwa ameshaonekana. Wewe ndiye tunakutafuta bado.

Mzee Obiero akakohoa ili asicheke. Adoyo akapangusa uso kwa mkono wa ovaroli.

— Bethwel, nakupenda. Nikisema hapana leo nitakuwa nimejidanganya. Lakini nataka kitu kimoja. Siku saba. Kila siku unda ndege mmoja kwa mkono wako, na umtundike hapa.

— Mimi? Na kama ni mbaya?

— Atundikwe akiwa mbaya.

— Watu watacheka, babe.

— Watacheka. Mimi walinicheka miezi saba.

— Mimi nitarudi Jumamosi, Senge Hulda akasema. Sasa hiyo chai iko wapi?

Jumapili Bethwel alikuja. Adoyo akamfundisha kushika mashine, na kwa saa mbili cheche zikaruka na suti ikapata matundu. Kilichotoka kilikuwa kama kijiko kilichopata ajali. Kilikuwa na jicho moja, kikitazama juu kwa mshangao. Adoyo alikipenda papo hapo, na mwenye nacho akapendwa mara mbili.

— Mtundike!

— Subiri nikimbie chooni, nitamtundika nikirudi.

Alirudi mikono mitupu. Kijiko kilikuwa kimezama ndani ya choo cha shimo. Adoyo alisikia kikianguka, akawasha mashine tena.

Jumatatu ujumbe ukaingia: "Babe, leo umeme hakuna huku kwetu."

Jumanne: "Niko Kaptagat, naongea na vijana kuhusu kuvumilia."

Jumatano: "Ubunifu haulazimishwi. Nasikiliza roho."

Alhamisi na Ijumaa, roho nayo ikanyamaza.

Jumamosi saa nne Senge Hulda alikuwa amekaa kwenye kiti nje, daftari magotini. Bethwel akatokea, tai shingoni, akibeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cha mamake. Akakifunua kama mtu anayezindua daraja.

Ndege wa dhahabu. Aling'aa hadi Mzee Obiero akafunika macho.

— Nimeunda huyu wiki nzima, babe. Usiku na mchana. Angalia hiyo shingo, ina hisia! Ina maumivu! Hata kupinda kwake ni makusudi, inaitwa style.

— Ni mzuri, Adoyo akasema polepole. Umemuunda mwenyewe?

— Kwa hii mikono.

Alinyoosha mikono. Vidole vilikuwa na rangi ya dhahabu mpaka kwenye kucha. Adoyo akamchukua ndege, akamgeuza, akatazama chini ya mkia. Mtu wa semina huwa haangalii chini ya mkia.

— Mama, wewe sasa unasoma. Hapa pameandikwa nini?

Senge Hulda akavaa miwani, akafuata mikwaruzo kwa kidole.

— Moja... tisa. Kumi na tisa.

— Siku ya kumi na tisa. Ni yule wako wa shingo, mama. Niliungua kidole nikiunda hiyo shingo. Bethwel, umemtoa wapi?

— Babe...

— Umemtoa wapi?

— Kwa Kipyego. Kuna gunia moja lilisahaulika nyuma ya kibanda. Lakini rangi ni mimi!

Senge Hulda alicheka kama trekta inayokataa kuwaka.

— Alipokuwa wa msichana alikuwa takataka. Alipokuwa wako ana hisia!

— Bethwel, Adoyo akasema, na sauti yake haikupanda. Yule kijiko wako angetosha. Ungemtundika Jumapili, leo tungekuwa tunahesabu ng'ombe. Nenda nyumbani.

Bethwel alienda. Adoyo akaenda kwa Kipyego, akarudi na gunia begani: ndege arobaini na mmoja, wote wa miezi ya kwanza, wote wabaya. Senge Hulda alikuwa bado yuko, akamsaidia kuwatundika. Yule wa dhahabu wakamweka katikati.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa Bethwel: "Babe, nisamehe. Hakuna mtu mkamilifu."

Adoyo alijibu kwa kidole chenye kovu: "Najua. Ndiyo maana mimi huwatundika."

Halafu ujumbe mwingine ukaingia, wa herufi kubwa tupu:

"ADOYO. NIMEANDIKA MWENYEWE BILA KUSAIDIWA. HUYO NIMEMRUDISHA KWA MAMAKE. WEWE UBAKI WANGU. JUMATANO NATAKA KUONA NDEGE MPYA. HULDA."