Moto wa Kumwita Noriaki

Asubuhi ile jiwe la kumbukumbu lilifunuliwa. Lilikuwa limesimamishwa mbele ya banda la gari la zimamoto, pale barabara ya kijiji cha Nezawa inapopinda kwenda mtoni. Wanaume wa kikosi cha kujitolea walivaa makoti yao ya buluu ingawa jua lilikuwa kali. Mzee Hasunuma, mkuu wao, alisoma maneno machache, akakunja karatasi. Yaliyobaki aliyamaliza kwa kuinamisha kichwa.

Fusae alilimwagia jiwe maji kwa kata, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Jina la mwanawe lilikuwa limechongwa likazama: Noriaki Kuramoto. Alikuwa mkulima wa matufaha, na king'ora kilipolia alikuwa mzimamoto. Mwezi wa Machi aliingia katika nyumba ya watu iliyokuwa ikiungua, paa likamwangukia.

"Herufi nzuri," alisema jirani yake, Mitsue, akimshika kiwiko. "Nori mwenyewe asingeziweza. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapekua."

"Kuku ana afadhali," Fusae akajibu, na wanawake wakacheka kidogo, mikono midomoni.

Ilikuwa siku ya kuwapokea wafu, na kwa Noriaki hii ilikuwa Obon, sikukuu ya siku chache ambapo wafu hurudi makwao, ya kwanza tangu afe. Fusae alikuwa amemtengenezea farasi wa tango, miguu ya vijiti, ili roho yake impande ije mbio. Alikuwa amepika tambi na kuzipoza kwa maji ya kisima. Tangu mazishi alikuwa na ombi moja tu mbele ya Amida, mwokozi wa dini yake: mwanawe arudi akae naye chini ya paa lake, hata kwa usiku mmoja.

Jua lilipozama, aliwasha moto mdogo wa mabua ya katani kwenye kigae langoni, kama mama yake alivyomfundisha. Moshi ukapanda. Akakutanisha viganja.

"Nori. Ni huku. Njoo nyumbani."

Moto ukalia chii, ukazimika.

Hakukuwa na upepo wala mvua. Kigae kilikuwa kimejaa maji.

Alikimwaga, akakikausha kwa aproni yake, akaweka mabua mengi zaidi. Safari hii alisikia mabuti yakikanyaga changarawe, haraka haraka, kisha maji yakimwagika. Alipoinama aliona nyayo zilizolowa. Zilitokea upande wa barabarani, kule kwenye jiwe. Zilifika mpaka langoni. Hazikuingia.

Mitsue alichungulia juu ya ua. "Mama Nori, huo moto wako una nini leo?"

"Anauzima," Fusae akanong'ona.

"Nani?"

"Bado yuko kazini. Hajui kama ni mimi ninayemwita. Anachokiona ni moto tu."

Mitsue aliyatazama mabua yaliyolowa. "Ingia ndani, dada. Jua la leo halikuwa la mtu asiyekula. Kula hizo tambi, Nori hatakasirika."

Hakula. Alikaa akiwaza. Moto wa mabua ulimleta na kumwondoa kufumba na kufumbua; moto mkubwa ungemkawiza. Fusae alikuwa mtu wa dini, na wazo hilo lilimtisha. Alikwenda mbele ya madhabahu ya nyumbani, akazungusha tasbihi, akaomba azuiwe. Siku zilizofuata aliomba vilevile. Hakusikia kitu cha kumzuia.

Nyuma ya nyumba, mbali na majirani, kulikuwa na ghala ambamo Noriaki alikuwa akiweka ngazi na masanduku ya matufaha. Ikafika siku ya mwisho ya Obon, siku ambayo wafu husindikizwa warudi walikotoka. Giza lilipoanza kuingia, Fusae alijifungia ndani ya ghala, akaketi katikati ya masanduku, akawasha kibiriti.

Mbao zilikuwa kavu. Moto ulipanda upesi kuliko alivyodhani. Moshi ukamjaa kifuani. Akataka kulitaja jina la Amida, akalitaja la mwanawe.

Mlango ukavunjika.

Mkono ukamshika. Akainuliwa. Joto, giza, kisha nyasi baridi mgongoni.

Mtu alikuwa amemwinamia. Kofia ngumu. Uso mweusi kwa masizi. Macho yalikuwa ya Noriaki, na yalimtazama kama yanavyomtazama mpita njia.

"Bibi. Unanisikia, bibi? Umeumia?"

Sauti ilikuwa yake.

"Nori. Ni mimi. Mama yako."

"Tulia, bibi. Umevuta moshi." Akageuka kulitazama ghala. "Kuna mtu mwingine ndani?"

Fusae alimshika mkono wa koti. Ulikuwa umelowa, na ulikuwa wa moto. Akisema hapana, kazi imekwisha, mwanawe ataondoka. Akitaja lolote lingine, labda atabaki kidogo. Kidogo tu.

"Yupo," alisema. "Yumo ndani."

Mwanawe akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetumwa dukani. Akakaza kamba ya kofia. Akaingia.

Paa likaanguka.

Mzee Hasunuma na vijana wake walifika, wakamwaga maji, wakafukua majivu kwa majembe, kwa sababu Fusae hakuacha kuwaambia kuna mtu. Mwishowe mzee alipiga magoti mbele yake, uso umejaa jasho.

"Hamna mtu, Mama Nori. Tumepekua kila mahali."

"Usiniambie mimi," alisema. "Mwambie yeye."

Sasa ni majira ya baridi, na theluji ya Nezawa imefika madirishani. Imelifunika banda la gari la zimamoto, imefunika ua na njia ya mtoni. Juu ya jiwe haikai. Mitsue aliligusa siku moja, akauondoa mkono upesi, na tangu hapo huzunguka njia ya nyuma akienda sokoni.

Fusae huenda kila siku. Huweka mdomo karibu na jina, asisikike na wapitao.

"Toka, mwanangu. Nilikudanganya. Hamna mtu humo."

Husubiri, kisha hurudi nyumbani. Na kila asubuhi vijana wa kikosi hukuta theluji inayolizunguka jiwe imeingia weusi. Huupangusa kwa vidole, wakavinusa. Ni masizi, na bado yana uvuguvugu.