Mgonjwa wa Mwisho wa Tauni

— Henriette ni nani?

Zéphirin aliacha kutafuna. Madeleine alikuwa amechuchumaa nyuma ya beseni lake la kalanga kwenye stesheni ya Likasi, katikati ya magodoro na masufuria ya familia za Wakasai waliofukuzwa na Wakatanga, zilizokuwa zikingoja treni ya kuwarudisha Kasai, wiki ya saba sasa. Alimtazama mchumba wake kwa jicho kavu.

— Henriette gani?

— Ule unamutaja kila siku! Juzi umenishika mukono, ukasema, "Henriette amenipotea." Nilinyamaza. Leo sinyamaze.

Zéphirin akacheka, na hapo ndipo alipoharibu.

— Mado, alikufaka zamani! Mbele papa yako azaliwe. Alikuwa infirmière, muuguzi wa bagonjwa.

Ndivyo kazi ya Zéphirin ilivyokuwa. Mwaka ule wa tisini na tatu, walimu kama yeye wanashinda na njaa, profesa mmoja wa Lubumbashi alimpa kibarua cha kusoma madaftari ya zahanati ya zamani ya kambi ya wachimbaji. Tauni iliyopita humo enzi za babu iliingiaje? Ilimuua nani? Iliishia kwa nani? Majina, tarehe, homa, mitoki ya kwapani, na chini ya kila ukurasa sahihi ya Henriette. Halafu ghafla kurasa zinakatika, na Henriette haonekani tena.

— Nikijua la peste, ile tauni, iliishia kwa nani, profesa ananipa kazi ya kudumu. Pale njo nitaenda kwa papa yako.

— Treni inakuja Jumatatu, Zéph! Papa hajue hata jina yako. Bajomba yako banasema Mukasai hataingia mu nyumba yao, na weye unabaogopa. Bale balikufaka unabatafuta. Miye niko muzima, unaniacha!

Akaja shemasi Casimir, mzee aliyekabidhiwa kazi ya kuandika majina ya abiria wa mabehewa.

— Nipimie kalanga, mwanangu.

Madeleine akachomoa karatasi kuukuu, akaikunja kama pembe. Zéphirin akaruka kama ameng'atwa na siafu.

— Usimwage! Hii karatasi ulitosha wapi?

— Kwa mulinzi wa dispensaire, ile zahanati yako. Bamama bote ba kalanga tunanunua kwake. Haukujua?

Hakujua, msomi wetu! Kila jioni alikula kalanga za Madeleine, akatupa karatasi bila kuitazama. Sasa aliikunjua, akasoma kwa sauti, neno moja moja, maandishi ya daktari wa kambi:

"Henriette ameingia mwenyewe nyumba ya karantini kumuuguza mchimbaji. Ameomba aandikwe mke wake. Nimekataa, hawana ndoa. Amekufa siku ya nne. Baada yake hakuna mgonjwa mwingine. Jamaa: hakuna."

— Nimemupata! — akapiga kelele. — Wa mwisho ni yeye! Ni Henriette!

Alicheka peke yake.

— Na ule bwana? — Madeleine akauliza polepole.

— Alipona. Hii hapa chini. Alitoka juma lililofuata.

— Alisema nini juu yake?

Zéphirin akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe.

— Haikuandikwa kitu.

— Alinyamaza. Aliacha baandike hana bantu.

Akammiminia Casimir kalanga viganjani, bila karatasi.

— Uko na mutu yako wa mwisho, Zéph. Enda kwa profesa.

Siku tatu Zéphirin aliandika ripoti. Kila alipofika kwenye "jamaa: hakuna" kalamu iligoma. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayomnyima mtu usingizi. Jumapili akaifunga ripoti, akaambatanisha barua: "Profesa, kazi imekwisha. Ile ya kudumu, tafadhali mtafute mwingine." Alipobeba kifuko chake kwenda stesheni, mjomba wake akamzibia mlango.

— Ukipanda ile treni, usirudi hapa.

— Nimesikia, mujomba. Unipishe.

Jumatatu treni iliingia, watu wakavamia. Zéphirin akapenya na kifuko chake hadi kwa Mzee Kalombo, baba yake Madeleine, akapiga goti kwenye kokoto.

— Papa, naitwa Zéphirin Kalenga. Miaka mbili napenda binti yenu, na nilijificha kwa sababu ya woga. Munisamehe. Naomba nipande na ninyi.

— Kalenga? — Mzee akakunja uso. — Benu banatufukuza, na weye unaomba kufukuzwa pamoja na sisi?

— Njo vile, papa.

Madeleine alikuwa mlangoni mwa behewa, mkono mdomoni, machozi yanamtiririka. Casimir alikuwa ameinua kalamu.

— Mzee Kalombo, treni inaondoka. Huyu nimwandike nani?

Mzee alimtazama kijana, akamtazama binti yake, akashusha pumzi.

— Andika mukwe wangu. Ingine tutasemea Mwene-Ditu, tukifika Kasai.